Koma kabla ya "and" na "but": wapi inakaa, wapi haikai

Wengi wetu tuliambiwa shuleni koma ni sehemu ya kupumua, sasa mtu akiandika Kiingereza anaweka koma popote pumzi inapokata. Achana na hiyo, koma ya Kiingereza inaangalia sentensi imejengwaje.

Ukifika kwenye and, but, or, so, yet au nor, ziba kwa kidole kila kitu cha kushoto, hilo neno pia ulizibe, halafu soma kilichobaki. Kikiwa na kiima na kitenzi chake, na kushoto nako ni sentensi kamili, weka koma kabla ya hilo neno. "I sent my CV on Monday, but nobody called me." Ukiziba inabaki nobody called me, inajitosheleza. Sasa angalia hii, "I sent my CV on Monday but forgot the certificates." Inabaki forgot the certificates, nani kasahau? Hayupo, kwa hiyo koma haina kazi. Na koma inatangulia, haifuati, ile "But, nobody called me" naiona kwenye maemail kila siku na si sahihi. Sentensi fupi fupi kama "He cooked and I ate" unaweza kuiacha bila koma, hakuna atakayekushtaki.

So ina mtego wake kidogo. Ikiwa ni "kwa hiyo", koma: "I left early, so I caught the bus." Ikiwa ni "ili", hakuna koma: "I left early so I could catch the bus."

If, when, although na wenzao ni rahisi, vikianza mbele koma inakuja mwisho wa kipande hicho ("If it rains, we will cancel"), vikija nyuma mara nyingi koma haipo, ila although hata ikiwa nyuma huwa inapewa koma. Because nayo kwa kawaida haitaki koma, isipokuwa kukiwa na not kabla yake, hapo kuwa makini. "I didn't go because I was tired" inaweza kusomeka kwamba sikwenda, nilichoka, au kwamba nilienda, ila uchovu siyo sababu iliyonipeleka. Ukiweka koma baada ya go, maana ya pili inakufa.

However usiichanganye na but jamani. "I called, however nobody answered" ni kosa, weka nukta au nukta mkato (;) kabla yake, na koma baada yake.

Halafu kuna ile koma ya mwisho kwenye orodha, kabla ya and au or. Kule Maine, Marekani, sheria ya overtime iliorodhesha kazi zisizolipwa ziada na ikaishia na "packing for shipment or distribution" bila koma kabla ya or, kwa hiyo inaweza kusomeka kufungasha tu, kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza, au kusambaza ikawa kazi yake peke yake. Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst wakasema sisi tunasambaza tu, hatufungashi, hiyo haituhusu. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ikaona kweli sheria haieleweki, ikawapa ushindi, na 2018 kampuni ikakubali kuwalipa dola milioni 5. Magazeti mengi ya Uingereza hayaiweki hiyo koma, Oxford University Press wanaiweka, wewe chagua moja uishikilie document nzima, ila kama bila koma maana inayumba, iweke tu.