Lipia somo moja kabla ya kulipia kozi nzima ya udereva
Mtu mzima anayetafuta leseni yake ya kwanza asilipie kozi nzima siku ya kujiandikisha. Alipie kwanza somo moja tu la barabarani, akiwa na mwalimu yuleyule na gari lilelile atakalofundishiwa hadi mwisho. Nimeona kwamba somo hilo ni kipimo kizuri kuliko maelezo yote ya ofisini, kwa sababu ndani ya saa moja utajua kama mwalimu anaeleza kosa baada ya kulisahihisha au anakanyaga breki ya upande wake na kunyamaza, na kama anakuachia usukani au anautumia muda wako kuzungumza na simu. Mtu mzima hushika upesi zaidi anapoelezwa sababu ya kila kitendo, ilhali aibu ya kukaripiwa humfanya akaze mikono na kusahau vioo. Uliza pia kama gari ni la gia za mkono au la otomatiki, maana katika nchi kadhaa, Uingereza ikiwemo, anayefaulu mtihani kwa otomatiki haruhusiwi kuendesha gari la gia za mkono. Njia hii haisaidii pale shule inapobadilisha walimu mara kwa mara, au inapokubali malipo ya kozi nzima pekee. Na kama hujawahi kushika usukani kabisa, chukua masomo mawili ndipo uamue, kwa kuwa la kwanza huishia kwenye klachi na hofu.