Jinsi ya Kukagua Stesheni ya Zamani Kabla Mvua Hazijaanza

Reli ya TAZARA, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilijengwa kati ya 1970 na 1975. Kwa hiyo zege la stesheni za huku kwetu, kuanzia Makambako, Mbeya hadi Tunduma, limeshanyeshewa nusu karne. Mimi ni fundi wa majengo, na kila Oktoba hukagua majengo ya umri huu kwa utaratibu huu.

Kwanza, ruhusa. Vaa refleta na kofia ngumu. Beba tochi, nyundo ndogo, futi, chaki, penseli na daftari, kisha nenda kwa stesheni masta akueleze treni zinazotarajiwa. Bila yeye kujua, usishuke relini. Treni ya mizigo iliyojaa inaweza kuhitaji hata kilometa nzima kusimama.

Pili, uliza wenyeji wa pale. Wafagiaji, wapagazi na kina mama wanaouza chakula wanalijua jengo kuliko ramani yake.

"Shikamoo mama. Mvua ikinyesha, hapa panavuja wapi?"

"Marahaba mwanangu. Pale kwenye nguzo ya tatu. Sisi huwa tunahamisha benchi."

Anzia kwenye nguzo ya tatu.

Tatu, fuata maji. Tazama gata zilizoziba majani, bomba lililokatika likamwaga maji ukutani, na madoa ya kahawia darini. Usitoboe wala kuvunja shiti za paa. Majengo ya miaka ile huenda yakawa na asbesto, na vumbi lake likivutwa huleta saratani ya mapafu. Hiyo ni kazi ya wenye vifaa maalumu.

Nne, gonga zege. Hapa usiwe na haraka. Maji yakipenya hadi kwenye nondo, nondo hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe. Inavimba, inasukuma zege kwa ndani, na siku moja kipande kinadondoka. Kabla hakijadondoka kinatoa taarifa: mstari wa kutu unaofuata nondo, ufa mwembamba sambamba nao, na sauti. Zege zima hulia kwa sauti kali na fupi. Lililoachia hulia kama debe tupu. Gonga taratibu ukiwa umesimama pembeni, kamwe si chini ya sehemu unayoigonga, na uzungushie chaki kila panapolia vibaya.

Miaka ya nyuma, kwenye jengo moja, niliona doa la kutu juu ya benchi nikaandika "tutazame baadaye". Mvua zilipoanza, kipande kikubwa kama tofali kikaanguka juu ya benchi lile. Mama aliyezoea kukaa hapo alikuwa ameenda kuchota maji. Tangu siku ile neno "baadaye" siliandiki tena.

Tano, nyufa. Chora mstari wa penseli kwenye kila ncha ya ufa, andika tarehe, kisha paka kibandiko chembamba cha jasi katikati yake. Jasi ikipasuka, ufa bado unatembea. Ufa wa mshazari unaoanzia kona ya dirisha au mlango mara nyingi husema msingi umeshuka, mwite mhandisi.

Sita, kaa na abiria. Kagua jukwaa treni inapoingia, na tena usiku. Jukwaa tupu la mchana halikuonyeshi watu wakisukumana na magunia ya viazi na mikungu ya ndizi ya Tukuyu, wala mahali wanapokatisha reli kwa sababu ndiyo njia fupi. Angalia ukingo uliomegeka, mfuniko wa mtaro uliopotea, taa zilizokufa. Mstari wa ukingo ukiwa umefutika, upakwe rangi wiki hiyo hiyo. Nyaya zilizo wazi usiziguse, mwachie fundi umeme.

Mwisho, ripoti. Gawa mambo mafungu matatu: ya leo, ya kabla ya mvua, ya mwaka huu. Zege lililoachia juu ya vichwa vya watu ni la leo. Funga kamba, hamisha mabenchi na mpe stesheni masta nakala mkononi kabla hujaondoka. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, rudi na daftari lile lile, simama nje ya kamba, ulinganishe alama moja moja.