Daftari la watoto: kuandika maisha ya nyumbani, dua na shukrani ili zisomeke miaka 20 baadaye

Daftari la kumbukumbu za watoto lina msomaji mmoja mkuu: mtoto mwenyewe, akishakuwa mtu mzima. Ukimweka huyo mbele yako, maswali mengi hujijibu yenyewe: uandike nini, uache nini, utumie wino gani. Hatahitaji kuambiwa kwamba alipendwa "sana". Atataka kujua alikuwa mtu wa namna gani kabla hajaanza kujikumbuka, na watu wazima wengi hawakumbuki karibu chochote cha kabla ya umri wa miaka mitatu hivi. Miaka hiyo ndiyo inayostahili kurasa nyingi, ingawa ndiyo hiyohiyo ambayo mzazi hana usingizi wala nguvu ya kushika kalamu.

Daftari na kalamu

Chukua daftari la jalada gumu lililoshonwa kwa uzi, ukubwa wa A5, kurasa 200 hivi. La waya hupoteza kurasa, na lililobandikwa gundi mgongoni hupasuka likifunguliwa mara kwa mara. Ukipata lenye karatasi isiyo na asidi, chukua hilo, kwa kuwa asidi ndiyo hufanya karatasi iwe ya njano na kukatika kama jani kavu. Daftari la kifahari mno lina kasoro yake: watu huogopa kulichafua, likabaki jeupe.

Wino bora ni wa pigmenti, ule ambao pakiti yake husema haufifii kwa mwanga wala kuenea kwa maji. Penseli nayo ni imara kuliko inavyodhaniwa: haipauki, adui yake ni kusuguliwa tu. Usitumie kabisa peni za wino unaofutika. Wino ule hutoweka kwa joto, na daftari likisahaulika ndani ya gari juani, unaweza kulikuta halina neno.

Je, kila mtoto awe na daftari lake? Hapana, si mwanzoni. Mambo huishia palepale siku zote: kifungua mimba ana madaftari matatu, kitinda mimba ana kurasa nne, na siku moja watayalinganisha. Weka daftari moja la nyumba nzima, na pembeni mwa kila habari andika herufi ya kwanza ya jina la mtoto anayehusika. Mwisho wa mwezi hesabu herufi hizo. Aliyesahaulika utamwona palepale, na mara nyingi ni yule mpole asiyesumbua mtu. Juu ya hilo, kila mtoto aandikiwe barua moja kwa mwaka, ukurasa mmoja au miwili, katika siku yake ya kuzaliwa.

Habari moja inavyoandikwa

Mistari mitano hadi minane inatosha, mara moja au mbili kwa wiki. Anayeapa kuandika kila siku huacha kabla mwezi haujaisha. Habari iwe na tarehe kamili, umri wa mtoto, mahali, kilichotokea, na maneno yenyewe yaliyosemwa. Jina la mwezi liandikwe kwa herufi na mwaka kwa tarakimu nne, kwa sababu 05/06/24 mmoja ataisoma Juni na mwingine Mei.

Tuangalie mfano wa habari iliyoharibika: "Leo tumefurahi sana. Asante Mungu kwa watoto wazuri." Baada ya miaka kumi hakuna atakayejua ilikuwa siku gani wala furaha ya nini. Sasa hii:

"Jumanne, 14 Mei 2024. Miaka 4 na miezi 2. Usiku, umeme umekatika, tuko sebuleni. Akauliza: 'Na Mungu naye yuko gizani?' Dada yake akamjibu: 'Yeye ndiye mwenye mshumaa.' Wakalala bila kuogopa. Nashukuru kwa dada aliyejibu kabla yangu."

Maneno ya mtoto yaandikwe jinsi yalivyotoka, na makosa yake yote. Kama anasema "tisini na kumi" kwa mia moja, acha hivyo. Shida ni kwamba kumbukumbu husafisha sentensi: ukingoja hadi Jumapili kuandika alichosema Jumatatu, utaandika lugha yako mwenyewe. Dawa yake ni kunukuu maneno matano sita papo hapo, kwenye simu au karatasi yoyote, kisha kuyahamishia daftarini siku hiyohiyo au kesho yake.

Usisahau mambo ya kawaida. Siku za sherehe zina picha tele, lakini hakuna aliyepiga picha ya namna mtoto alivyokuwa akikataa kuvaa kiatu cha kushoto. Mara moja kwa mwaka andika siku moja nzima isiyo na jambo, tangu kuamka hadi kulala: nani aliamka wa kwanza, nyimbo gani zilisikika, walijificha wapi wakicheza.

Ukipitiwa na wiki sita bila kuandika, anza na tarehe ya leo. Usiombe radhi daftarini wala usijaribu kujaza pengo kwa kubahatisha.

Dua na tarehe mbili

Upande wa imani huharibiwa na jambo moja: watu huandika dua zilizojibiwa tu, tena baada ya kujibiwa. Mtoto akisoma hukuta safu ya ushindi isiyofanana na maisha yake. Fungua kurasa mbili zinazotazamana, upande wa kushoto uwe wa tulichoomba na tarehe yake, upande wa kulia uachwe wazi. Jambo likitimia, andika upande wa kulia tarehe na lilivyotimia. Likija kwa sura nyingine, eleza hivyo hivyo. Lisipokuja, nafasi ibaki wazi, na kamwe usirudi kuhariri ombi la kushoto ili lifanane na jibu. Ukitaka kuongeza neno baadaye, liongeze chini kwa tarehe yake mpya.

Anza na jina la mtoto. Katika Biblia, Hana alipomwita mwanawe Samweli alitaja na sababu: alimwomba kwa Mungu. Ibrahimu naye katika Qurani anashukuru kwa kuwataja Ismaili na Is-haka kwa majina, na kusema amepewa uzeeni. Wote wawili wametaja jina na hali iliyolizunguka. Fanya vivyo hivyo: nani alichagua jina, lina maana gani, majina gani mengine yalipendekezwa, siku hizo nyumbani kulikuwaje. Ukinukuu aya, weka sura, namba ya aya na tafsiri uliyoitumia, maana tafsiri hutofautiana.

Maswali ya mtoto na mashaka yake yaandikwe kama alivyoyasema, bila jibu sahihi kugongomelewa chini yake. Na usimwekee mdomoni ushuhuda ambao hakuutoa. Akiwa na miaka 20 atajua.

Shukrani

Mwaka 2003 watafiti Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha majaribio ambamo kundi moja liliandika mara moja kwa wiki mambo yasiyozidi matano ya kushukuru, na kundi jingine likaandika kero. Walioshukuru waliyaona maisha yao kwa ujumla kuwa mazuri zaidi. Angalia kiasi: mara moja kwa wiki, mambo machache. Orodha ya kila siku hugeuka wimbo wa kukariri, "afya, chakula, watoto", na mkono huandika huku moyo uko kwingine.

Shukrani moja iwe na tendo, siku, na kilichokugusa. "Nashukuru kwa binti yangu" haijasema kitu. "Nashukuru kwamba alimshika mkono mdogo wake kwenye ngazi bila kuambiwa" imemchora mtoto. Kisha pima unachoshukuria. Zikiwa shukrani tano kati ya sita ni za alama za mtihani na vikombe vya michezo, daftari litamfundisha mtoto kwamba alipendwa aliposhinda. Shukuru pia kwa alivyo siku aliyoshindwa, hata siku aliyokuchosha. Usimshukuru mmoja kwa kumlinganisha na mwenziwe. "Si kama kaka yake" ni sentensi ambayo kaka naye ataisoma.

Picha, karatasi na sauti

Picha ya ultrasaundi kwa kawaida huchapwa kwenye karatasi ya joto, kama ile ya risiti. Hufifia yenyewe, na ukiipitisha kwenye mashine ya kulamineti huwa nyeusi yote. Ipige picha au iskani wiki ileile, kwa azimio la dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi).

Albamu zenye kurasa za kunata na plastiki juu huzila picha polepole, na baada ya miaka hazibanduki. Selotepu nayo hubadilika kuwa njano na kuacha doa. Tumia kona za karatasi au mifuko ya plastiki ya polipropileni, si ya plastiki ya PVC. Nyuma ya picha andika majina, mahali na tarehe kwa penseli laini, bila kukandamiza; picha za kisasa zenye mgongo wa plastiki hukataa penseli, hizo ziandikie kikaratasi kiambatane nazo ndani ya mfuko.

Sauti ndiyo inayosahaulika, na ndiyo hupotea kwanza: mtoto wa miaka mitatu hana sauti hiyo tena akifika mitano. Kila mwaka rekodi dakika tano. Zima feni, funga dirisha, weka simu kwenye hali ya ndege, ilaze juu ya kitambaa kilichokunjwa, sentimita 20 hadi 30 kutoka mdomoni. Anza kwa kutaja tarehe na umri. Kisha mwache aombe dua ya kulala au akusimulie ndoto, usimkatize.

Faili zipewe jina linaloanza na mwaka, mwezi, siku: 2024-05-14-dua-ya-kulala. Hivyo hujipanga zenyewe. Weka nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Fleshi si ghala la miaka mingi. Data yake huweza kupotea ikikaa muda mrefu bila kuchomekwa. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa na kupoteza taarifa zake za tarehe, kwa hiyo itume kama hati.

Kisichoandikwa

Kukojoa kitandani, ugonjwa wa siri, adhabu, ugomvi wa wazazi: kabla ya kuandika jiulize kama mtoto angetaka nduguze wakisome. Kama la, kiwe kwenye barua yake iliyofungwa. Tangu umri wa miaka saba hivi mwombe ruhusa kabla ya kuandika alichokuambia kwa siri, na akikataa, usiandike. Usiweke mtandaoni picha inayoonyesha jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na sare ya shule kwa pamoja.

Daftari liwekwe mahali pakavu, juu ya sakafu, mbali na ukuta wenye unyevu, na ndani ya jalada pawe na majina ya waandishi na orodha ya mahali nakala zilipo. Mtu mzima mwingine mmoja ajue lilipo, na nenosiri la faili apewe kwa maandishi.