Kung'oa kipoozeo cha maji kilichochoka na kufunga cha feni kwenye kompyuta ya zamani ya mezani

Kompyuta nyingi zilizoundwa miaka ya 2012 hadi 2016 kwa ajili ya michezo au kuhariri video zilifungwa kipoozeo cha maji kilichozibwa kiwandani: pampu juu ya prosesa (ubongo wa kompyuta), mipira miwili ya kupitisha maji, na rejeta yenye feni. Vingi havina hata kizibo cha kuongezea maji. Mwaka hadi mwaka maji hupenya taratibu kwenye kuta za mipira, hewa ikachukua nafasi yake. Bamba la pampu ni la shaba na rejeta kwa kawaida ni ya alumini, kwa hiyo dawa ya kuzuia kutu ikiisha nguvu, tope huanza kuziba vijia vyembamba vya bamba. Ikifika miaka mitano hadi saba, usishangae kikianza kusumbua.

Mfano wetu ni Core i7-4790K ya mwaka 2014, soketi (kikalio cha prosesa kwenye ubao mama) ya LGA1150, wati 88. Hatua zilezile zinafaa kwa LGA1155, 1156, 1151 na 1200, kwa sababu matundu manne ya kufungia yana nafasi ileile ya milimita 75.

Na msimamo wetu tuuseme mapema: kwenye mashine ya umri huu usirudishie maji. Wati 88 zinabebwa bila shida na kipoozeo cha mnara chenye mabomba manne ya joto na feni moja ya milimita 120. Hapo kinachoweza kufa ni feni tu, na feni hubadilishwa kwa dakika tano.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli ni kipoozeo

Fungua programu ya kupima joto, HWiNFO au Core Temp (kwenye Linux, amri ya sensors), kisha ipe prosesa kazi nzito huku ukitazama namba zinavyopanda. Namna zinavyopanda ndiyo inayokupa jibu. Joto likiruka kutoka nyuzi 40 hadi 95 za Selsiasi ndani ya sekunde moja au mbili, tatizo liko kwenye mgusano: pesti (dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipoozeo) imekauka au skrubu zimelegea. Likipanda kwa hatua, dakika baada ya dakika, hadi karibu na 100 ambako prosesa hujipunguzia kasi yenyewe, maji hayazunguki au rejeta imejaa vumbi. Safisha vumbi kwanza, kisha rudia kipimo.

Sasa shika mipira. Kwenye mfumo usio na hitilafu yote miwili huwa na uvuguvugu unaokaribiana. Mmoja ukiwa wa moto na mwingine baridi, mzunguko umeziba. Ikiwa ni ya moto karibu na pampu tu na rejeta ni baridi kabisa, pampu imekufa. Sauti ya kukwaruza, au ya maji kubwabwaja kila unapowasha, inathibitisha.

Ukiona unyevu, au madoa meupe au ya kijani kwenye maungio ya mipira, zima na uchomoe waya wa umeme hapohapo. Usiwashe tena eti kujaribu.

Hatua ya 2: Pima kabla ya kununua

Hapa ndipo watu hupoteza pesa. Fungua ubavu wa kasha, simamisha rula kutoka usawa wa prosesa hadi ukingo ambako mfuniko hukaa. Kwa mfano, kipoozeo cha NH-U12S kina urefu wa milimita 158, Hyper 212 EVO 159. Ukipata chini ya 162, tafuta mnara mfupi zaidi. Angalia pia RAM: kama vijiti vina mapezi marefu, feni ya mbele itabidi ipandishwe juu, na urefu wote unaongezeka kwa kiasi hichohicho.

Kisha geuza kasha utazame nyuma ya ubao mama. Likiwa na tundu kubwa nyuma ya prosesa, kazi ni ya saa moja. Makasha mengi ya zamani hayana, na bila tundu hilo lazima ubao wote utoke. Hesabu nusu siku.

Andaa bisibisi ya nyota namba 2, spiriti ya isopropili ya asilimia 99 (70 ina maji mengi, hukawia kukauka), karatasi ya kuchujia kahawa au kitambaa kisichoacha nyuzi, pesti mpya ya joto, na betri ya CR2032. Betri ya saa kwenye ubao wa miaka kumi huwa imechoka, na hii ndiyo nafasi ya kuibadilisha.

Hatua ya 3: Ng'oa cha zamani

Kama hukuona uvujaji, kwanza ondoa programu ya kile kipoozeo ukiwa bado ndani ya Windows. Kisha iache mashine ifanye kazi dakika kumi ili pesti ilainike, zima, chomoa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde tano kumaliza chaji iliyobaki. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa chochote ndani.

Piga picha kila waya. Pampu kwa kawaida ina nyaya tatu zinazosahaulika: wa umeme wa SATA, wa USB uliochomekwa sehemu ya chini ya ubao mama, na mmoja mwembamba wa kwenda CPU_FAN (soketi ya feni ya prosesa kwenye ubao mama).

Legeza skrubu za pampu kwa mshalaba, mizunguko miwili kila moja, hadi zote ziachie. Usivute juu. Zungusha pampu kidogo kushoto na kulia mpaka uhisi pesti inaachia, ndipo unyanyue. Kwenye soketi hizi za Intel fremu ya chuma inaishika prosesa, lakini kwenye AMD za AM3 na AM4 prosesa inaweza kung'oka na pampu na kupinda pini, kwa hiyo huko zungusha kwa subira zaidi. Pampu ikishatoka, iachie ining'inie kwenye kitambaa, fungua rejeta, na uvitoe vyote pamoja bila kukunja mipira.

Bamba la nyuma la kipoozeo cha zamani nalo litoke, hata kama linaonekana linalingana. Nyuzi za skrubu zake zinaweza kutofautiana na za kipya.

Hatua ya 4: Safisha na upake

Futa pesti ya zamani kutoka katikati kwenda pembeni, ukibadilisha kitambaa hadi chuma king'ae na kitambaa kitoke cheupe. Kama maji yaliwahi kudondokea ubao au kadi ya picha, pafute kwa spiriti na uache pakauke saa 24.

Funga bamba jipya la nyuma na reli zake. Geuza mnara utazame chini yake: karibu kila kipoozeo kipya hufunikwa na plastiki angavu, na kuisahau ndilo kosa linalorudisha watu mwanzo. Ibandue. Weka tone moja la pesti katikati ya prosesa, ukubwa wa punje ya mchele mnono, milimita nne hadi tano. Usiisambaze kwa kidole, mgandamizo utaisambaza.

Teremsha mnara wima, mara moja. Ukiunyanyua tena, futa upake upya, maana hewa imeshaingia. Kaza kwa mshalaba, mizunguko miwili miwili, hadi skrubu zigote zenyewe. Feni ikae upande wa RAM ikisukuma hewa nyuma ya kasha. Hewa hutokea upande wenye vyuma au plastiki zinazoshika mota. Waya wake uende CPU_FAN, si soketi nyingine, la sivyo utakutana na ujumbe wa "CPU Fan Error" kila unapowasha.

Hatua ya 5: Washa na upime

Ingia BIOS (mipangilio ya ubao mama inayofunguka kabla ya Windows), kaa hapo dakika tano. Nyuzi 35 hadi 50 ni sawa. Zikipita 70 na bado zinapanda, zima: plastiki imebaki, au upande mmoja haujakazwa.

Ukiwa humohumo, rekebisha mpangilio wa feni. Wakati wa pampu, CPU_FAN mara nyingi iliwekwa ikimbie asilimia 100, na feni mpya itanguruma bila sababu. Chagua PWM (namna ya kudhibiti kasi ya feni), kisha weka asilimia 40 kwa nyuzi 40, 70 kwa nyuzi 60, na 100 kwa nyuzi 80.

Mwisho endesha programu ya kupima prosesa, Cinebench R23, kwa dakika kumi. Nyingine ya aina hiyo, Prime95, iepuke kwenye kizazi hiki, kwani hesabu zake za AVX hupandisha volti na joto kupita kazi yoyote ya kawaida. Katika chumba cha nyuzi 30, kama Dar es Salaam au Mombasa bila kiyoyozi, 75 hadi 85 ni matokeo mazuri. Kwenye baridi ya Nairobi au Arusha tarajia pungufu kwa kiasi kilekile chumba kilichopungua.

Feni za rejeta ya zamani usizitupe. Zikiwa bado zinazunguka kimya, zifunge mbele ya kasha zikivuta hewa ndani. Rejeta na mipira usivikate nyumbani, kwa sababu maji yake mara nyingi yana glaikoli, ambayo inaweza kuwa hatari kwa watoto na wanyama. Vipeleke vikiwa vizima kwa wanaokusanya taka za kielektroniki.