Jinsi ya kuomba masta ya Kihispania ukiwa hapahapa Dodoma

Wadogo zangu wananiuliza sana niliombaje masta ya lugha na fasihi ya Kihispania, sasa naandika yote hapa ili yeyote mwenye hiyo nia aanze leo.

Hatua ya kwanza, cheti cha lugha. Kuna DELE, mtihani wa Instituto Cervantes (taasisi ya serikali ya Hispania inayokuza Kihispania), hiyo ukiipata haina kuisha muda, na kuna SIELE inayofanyika kwenye kompyuta, inadumu miaka 5. Lenga kiwango cha B2 (juu ya wastani) kwenda juu, ila kwa fasihi C1 (kiwango cha juu) ndo inakuweka pazuri.

Hatua ya pili, transkripti (orodha rasmi ya matokeo yako ya chuo) na barua za walimu. Hapa mimi nilipoteza mwaka mzima, chuo nilichosoma kilinizungusha transkripti mpaka dirisha likafungwa, niliumia sana. Programu nyingi za Marekani zinafunga Desemba au Januari, kwa hiyo Agosti uwe ushaiomba transkripti. Walimu wawe watatu, na kila mmoja mpelekee kazi uliyomfanyia darasani, akuandikie kitu cha kueleweka na sio "ni kijana mwenye bidii" tu.

Hatua ya tatu ndo yenyewe: insha ya kitaaluma kwa Kihispania, mara nyingi kurasa 15 mpaka 20. Kamati inasoma hii kujua kama unaweza kufikiri. Usirudie mambo ambayo kila mtu anayaandika, wewe una Kiswahili kichwani na hiyo ni mali. Angalia hapa: "habla" ni anaongea, ukisema nataka aongee inakuwa "quiero que hable". Umeona? Ile a ya mwisho imegeuka e, kama kwetu anaongea inavyokuwa aongee! Ni sadfa tu, lugha hizi hazina undugu, na ukifika kwenye "comer" (kula) mambo yanageuka, "come" ni anakula, e inakuwa a, "quiero que coma" ni nataka ale. Lakini huko kugeuka kwa kitenzi, kitu ambacho Mzungu anakihangaikia miaka wewe unakisikia tu sikioni, basi ukichimbe hicho. Ukipenda fasihi, nenda Guinea ya Ikweta, nchi ya Afrika ambayo Kihispania ni lugha rasmi, soma waandishi kama Donato Ndongo na María Nsué Angüe, kuna kazi kubwa pale inatusubiri sisi Waafrika kabisa.

Hatua ya nne, hela. Idara nyingi Marekani zinakufutia ada na kukupa posho, wewe unafundisha Kihispania cha mwanzo kwa wanafunzi wa digrii ya kwanza. Sio zote, kwa hiyo waandikie imeili uulize kabla hujalipa ada ya maombi. Ukichagua Hispania utatakiwa kuonyesha una hela ya kujikimu, na ubalozi wao uko Dar, panga nauli ya treni.

Mwisho ni intavyuu ya mtandaoni. Weka bando la kutosha, funga madirisha maana upepo wa Dodoma mnaujua, ukiingia kwenye maiki hawasikii kitu. Swali likikupita usibahatishe jibu, sema taratibu "¿puede repetir la pregunta, por favor?" (unaweza kurudia swali, tafadhali?) na watakurudia bila shida.