Bastola ya shabaha: vilengeo vya chuma au nukta nyekundu?

Kabla hujatoa hela kununua kilengeo cha nukta nyekundu (kioo kinachokuonyesha nukta ya mwanga juu ya shabaha), soma kanuni za mashindano unayoyalenga. Kwenye mashindano ya bastola ya ISSF (shirikisho la kimataifa la michezo ya kulenga shabaha), Olimpiki ikiwemo, ni vilengeo vya chuma tu, yaani kijiti cha mbele na pengo la nyuma. Kwenye bullseye, mashindano ya Marekani ya kulenga shabaha kwa bastola yanayopigwa yadi 50 na 25, nukta inaruhusiwa na wengi wanaitumia.

Kama una uhuru wa kuchagua, macho yako ndiyo yaamue. Kwa vilengeo vya chuma, jicho linatakiwa likazie kijiti cha mbele: kingo zake zionekane kali, mwanga ulingane kulia na kushoto ndani ya pengo la nyuma, na shabaha yenyewe ibaki na ukungu. Umri ukisogea, kijiti hicho ndicho huanza kufifia. Hapo nukta inasaidia kweli, kwa sababu unatazama shabaha moja kwa moja. Lakini usiikimbilie: lenzi ya miwani iliyopimwa kwa umbali wa kijiti hurudisha ukali huo, na ISSF inairuhusu, mradi isifungwe kwenye bastola.

Ukichagua nukta, utaiona inatetemeka. Mkono ulikuwa unatetemeka tangu zamani, sema sasa unauona. Tafadhali usisubiri ifike katikati ndipo uivute triga kwa ghafla. Hapo ndipo risasi nyingi zinapopotea. Punguza mwanga wa nukta mpaka ionekane tu, iache icheze ndani ya duara jeusi la shabaha, kisha endelea kukaza triga taratibu bila kusita.

Kwa anayeanza, mimi nasema chuma kwanza.