Kabla ya kushuka Bulengo kuangalia ndege na maua

Mvua za Septemba zikianza, ukanda wa Ziwa Kivu magharibi mwa Goma, ulipo Bulengo, mashariki mwa Kongo, hubadilika haraka. Mbayuwayu na keremkerem wanaotoka Ulaya huanza kupita. Miti ya erithrina, ile ya umuko, bado ina maua mekundu, na ndege chozi huning'inia humo akizamisha mdomo hadi machoni.

Vaa viatu vya soli nene vilivyofunika vidole, maana lava, mawe makali ya volkano, hukata ndala. Beba koti la mvua, maji lita 2 na simu yenye chaji.

Sasa mazuku, na hapa usisome kwa haraka. Ni dioksidi ya kaboni inayotoka ardhini kupitia nyufa za mawe ya volkano. Haina rangi wala harufu, na ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, hivyo hujaa mashimoni na mabondeni kama maji kwenye beseni. Usiku hakuna upepo wa kuitawanya, kwa hiyo alfajiri ndipo inapokuwa nyingi zaidi. Ndiyo saa hiyohiyo wapenzi wa ndege hutoka! Basi gawa siku yako: alfajiri kaa juu ya kilima na uwatazame ndege kutoka huko, maua ya bondeni yasubiri jua lipande na upepo uvume. Hata hapo, shimo lililofungwa pande zote usiliingie saa yoyote.

Hatari kubwa ni kuinama. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupumua vizuri huku gesi ikiwa imemfikia magotini. Anaona ua dogo kati ya mawe, anapiga magoti alipige picha, na pua inaingia ndani ya gesi. Pumzi zikipanda na kichwa kikigonga, simama utoke kuelekea juu. Gesi ikiwa nyingi, pumzi chache tu zinatosha kumwangusha mtu. Kwa kuwa gesi hukaa chini, mbuzi, mbwa na watoto hutangulia kufa. Mtoto asitembee mbele yako wala asichezee shimoni.

Panzi, ndege au panya waliokufa wakiwa wazima mwili, bila jeraha, ni alama tosha: rudi. Wengine hushusha mshumaa kwenye fimbo. Ukizimika, ondoka. Lakini ukiendelea kuwaka usijiamini, kwa sababu mshumaa huvumilia kiasi cha gesi ambacho tayari kinamdhuru mtu.

Mwenzako akianguka shimoni, usimfuate. Wa pili hulala juu ya wa kwanza. Piga kelele, ita wenyeji, mvuteni kwa kamba au mti mrefu mkiwa juu.

Kabla ya yote, uliza wakaaji wa pale: mashimo yao wanayajua kwa majina. Uliza pia hali ya usalama asubuhi hiyohiyo, usiende peke yako, acha habari nyumbani unakoelekea, na rudi kabla mvua ya alasiri haijalainisha njia.